Punje Isiyo na Mhuri: Jinsi ya Kutambua Shanga za Kioo za Bohemia na Umri Wake

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo, pengine kisichozidi punje ya mtama, walakini kilichosafiri mbali kuliko wengi wetu. Kitu hicho ni ushanga wa kioo.

Katika nyumba za Nyanda za Juu Kusini, tangu Iringa mpaka Njombe, Mbeya na Tukuyu, hupatikana vidani vya zamani vilivyofungwa katika kitambaa na kuhifadhiwa chini ya sanduku. Bibi alivipokea kwa mama yake, na mama yake alivipokea kwa mwingine aliyemtangulia. Siku moja mnunuzi hupiga hodi. Akitaka kununua kwa bei ndogo husema, “Shanga hizi si kitu, ni za juzi tu.” Naye akifika mjini na kutaka kuziuza kwa bei kubwa husema, “Hizi zina umri wa miaka mia tano.” Shanga ni zile zile, na mtu ni yule yule, ila maneno yamegeuka njiani. Basi mwenye mali asiyejua kuipima mali yake, hana la kumjibu.

Wengi hudhani ya kuwa kitu kisicho na maandishi hakiwezi kujulikana. Shilingi ina mwaka wake, chupa ya dawa ina jina la mtengenezaji, hata kikombe huwa na alama chini ya kitako. Ushanga hauna mahali pa kupigwa mhuri. Mwaka 1890 Marekani ilitunga sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotoka, na kwa sababu hiyo baadhi ya vyombo vya kioo vilivyopelekwa huko viliandikwa Bohemia au Austria, na baada ya mwaka 1918 Czechoslovakia. Lakini punje ndogo haiandikiki, na shanga zilizokuja kwetu zilifika zikiwa kimya. Hata hivyo kimya hicho si cha daima. Kila kazi ya mikono huacha dalili, na mwenye subira huweza kuzisoma dalili hizo.

Kwanza, Bohemia ni wapi? Ni nchi iliyo katikati ya Ulaya. Zamani ilikuwa chini ya wafalme wa Austria. Mwaka 1918 ikawa sehemu ya Czechoslovakia. Na tangu mwaka 1993 imo katika nchi ya Ucheki. Ina milima yenye misitu mingi, na misitu hiyo ndiyo iliyofanya kazi ya kioo isitawi. Kioo hufanywa kwa mchanga safi unaoyeyushwa katika tanuru lenye moto mkali. Na ili mchanga uyeyuke upesi huchanganywa na chumvi chumvi fulani. Watu wa pwani za Ulaya ya kusini walitumia chumvi iliyotoka katika majivu ya mimea ya baharini. Watu wa Bohemia, wasio na bahari, walitumia majivu ya miti. Basi msitu ukawapa kuni za tanuru na majivu ya kuchanganya. Kioo chao kilikuwa kigumu, cheupe na chenye kung'aa, kikafaa sana kuchongwa kwa jiwe la kunolea.

Kaskazini ya nchi hiyo uko mji uitwao Jablonec nad Nisou, ambao Wajerumani huuita Gablonz. Katika karne ya 19 mji huo na vijiji vyake ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya shanga duniani. Kazi haikufanywa katika kiwanda kimoja. Tanuru kubwa zilitoa vipande virefu vya kioo kama fimbo. Watu wa vijijini walivichukua nyumbani, wakavilainisha motoni, wakavibana kwa koleo lenye kalibu, yaani umbo lililochimbwa ndani yake. Wengine wakachonga, na wengine wakatunga katika nyuzi. Kisha wafanya biashara wa mjini walikusanya kazi hiyo na kuipeleka nje. Walikuwa na kadi zilizoshonewa punje za mfano, kila moja na nambari yake, ili mnunuzi wa mbali achague atakayo. Baadhi ya kadi hizo zipo hata leo, na katika mji huo kuna makumbusho ya kioo na mapambo. Kadi hizo ni ushahidi mkubwa, kwa maana punje iliyopotea jina kwetu yaweza kukutwa huko ikiwa bado imeshonwa mahali pake.

Sasa, zilifikaje kwetu? Zilipita Unguja. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, Kilwa na bandari nyingine ikichukua nguo, nyaya za shaba na shanga, ikarudi na pembe za ndovu, na mara nyingi pia na watumwa. Richard Burton, aliyesafiri bara mwaka 1857 hata 1859, aliandika kwa urefu habari za biashara hiyo. Alieleza ya kuwa shanga zilihesabiwa kwa kete, na kete kumi zilifanya fundo moja. Alitaja majina waliyopewa na watu: ushanga mwekundu wenye moyo mweupe uliitwa kwa jina lenye maana ya kimaliza chakula, kwa sababu mtu aliweza kutoa chakula chake ili aupate. Joseph Thomson alipita Uhehe na Ubena mwaka 1879 akielekea Ziwa Nyasa, naye alikwenda kwa njia ile ile ya wasafiri wote wa siku zile, yaani kwa mizigo ya nguo na shanga. Wakati huo Wahehe walikuwa na nguvu kubwa, na misafara haikupita katika nchi yao bila kupatana nao.

Wala msidhani ya kuwa babu zetu walipokea cho chote kilichong'aa. Hasha. H. M. Stanley, alipojitayarisha Unguja mwaka 1871, ilimpasa kujifunza kwanza ni rangi ipi ipendwayo katika kila nchi. Aliandika ya kuwa ushanga mweusi ulipita kama fedha Ugogo, na kwingine ulikataliwa kabisa. Mweupe, ulioitwa merikani, ulikubaliwa Ufipa na kudharauliwa kwingine. Na ule mkubwa, ulioitwa sungomaji, ulitakiwa Ujiji. Msafiri aliyekosea rangi aliweza kukaa na mizigo yake na njaa yake pia. Maana yake ni kwamba mafundi wa Ulaya walifanya kazi kwa amri ya macho ya wanunuzi wa Afrika. Kidani cha bibi basi ni habari ya Ulaya, na ni habari ya chaguo la watu wetu vile vile.

Baada ya kujua hayo, na tuje katika kazi yenyewe. Tutahitaji vitu vinne tu: mwanga mzuri wa jua la asubuhi, kioo cha kukuzia, kitambaa cheupe, na daftari. Simu yenye kamera nzuri yaweza kushika mahali pa kioo cha kukuzia.

Swali la kwanza ni hili: Je, kitu hiki ni kioo? Punje ya kioo ni baridi ikiguswa shavuni, ni nzito kwa kadiri ya ukubwa wake, na zikigongana mbili hulia kwa sauti kali. Ya plastiki ni nyepesi, hupata joto upesi mkononi, na sauti yake ni butu. Yako pia mapambo ya kale zaidi ambayo si kioo. Katika mapango ya Magubike na Mlambalasi, mkoani Iringa, wataalamu wamechimbua vipande vya duara vilivyofanywa kwa maganda ya mayai ya mbuni, ambavyo ni vya kale mno kuliko kioo chochote cha biashara. Mtu asivichanganye na shanga za karne ya 19.

Swali la pili: Ilifanywaje? Hili ndilo swali kuu, maana ziko njia tatu za kufanya ushanga ambazo ni lazima tuzitenge.

Njia ya kwanza ni kuvuta. Fundi hutia hewa katika donge la kioo cha moto, kisha watu wawili hulivuta wakienda mbali mbali, mpaka likawa bomba jembamba lenye tundu tangu mwanzo hata mwisho. Bomba hukatwa vipande vidogo, na vipande hupashwa moto tena ili makali yake yapotee. Tazama ndani ya punje ya namna hii: ukiona vipovu vya hewa au mistari, vyote vimelala kufuata tundu, kama nyuzi za muwa zilivyolala kufuata urefu wake.

Njia ya pili ni kuzungusha. Fundi hushika waya wa chuma na kuuviringishia kioo kilicholainika, kama mtu aviringishavyo uzi katika kijiti. Hapa vipovu na mistari hulizunguka tundu, wala haviendi pamoja nalo. Mara nyingi punje za namna hii hazilingani sawasawa.

Njia ya tatu ni kubana katika kalibu. Kioo laini hubanwa kwa koleo, na sindano ya chuma hupenya na kufanya tundu. Kwa kuwa kalibu ina pande mbili zinazokutana, mahali zilipokutana hubaki mshono mwembamba. Tena tundu mara nyingi huwa pana upande ilikoingia sindano na jembamba upande wa pili, na pengine ukingo wa upande huo umevunjika kidogo au umesagwa.

Njia hii ya tatu ndiyo alama kubwa ya mikono ya Bohemia. Ukikuta ushanga wa zamani wenye mshono na tundu linalopungua, hasa ikiwa una nyuso nyingi bapa kama jiwe la thamani, dhana ya kwanza iwe Bohemia. Zitazame nyuso hizo kwa makini. Zikiwa zimechongwa kwa jiwe la kunolea, pembe zake ni kali na kila uso ni bapa kabisa, tena hazilingani sana, kwa maana mkono wa mtu hauwezi kulinganisha maelfu. Zikiwa zimetoka katika kalibu tu, pembe zake ni laini na kila punje ni sawa na mwenzake.

Iko namna nyingine ijulikanayo sana, nayo ni ile ya buluu iliyokoza yenye pande sita. Hii si ya kubanwa. Bomba lilivutwa likiwa na pande sita, likakatwa, kisha pembe za juu na chini zikachongwa moja moja. Wazungu waliipa jina la buluu ya Kirusi kwa sababu ilipelekwa na wafanya biashara wa Urusi katika nchi za kaskazini ya Amerika. Lakini ilitengenezwa Bohemia katika karne ya 19. Huu ni mfano wa kutukumbusha ya kuwa jina la kitu na mahali kilikozaliwa ni mambo mawili.

Na hapa pana onyo. Ushanga mdogo wa mviringo, uliovutwa, usio na mshono wala nyuso, usiseme upesi kuwa ni wa Bohemia. Mji wa Venice, na kisiwa chake cha Murano, ulituma Afrika shanga nyingi za kuvutwa; na ule mwekundu wenye moyo mweupe, ulioitwa samesame, ulikuwa kazi ya huko. Shanga nyingine ni za kale zaidi. Katika magofu ya pwani kama Kilwa Kisiwani, zimechimbuliwa shanga ndogo nyingi za kuvutwa zilizoletwa kwa jahazi kutoka upande wa India karne nyingi kabla ya misafara tuliyoitaja. Tena Bohemia nayo ilifanya shanga ndogo za kuvutwa, na hata leo Ucheki huuza nyingi, na wanawake wa Kimasai huzitumia katika mapambo yao. Basi kwa punje ndogo namna hii jicho peke yake halitoshi. Wataalamu huipima kwa mashine zionyeshazo madini yaliyomo, bila kuivunja au kwa kuondoa chembe isiyoonekana, nao hujua kama chumvi iliyotumika ni ya majivu ya miti au ni nyingine, na kitu gani kilitiwa kuleta rangi.

Swali la tatu ni la umri, na hapa twaomba mtege masikio vizuri, maana ndipo wengi hupotoka. Dalili nyingi za ushanga hazisemi, “Nilizaliwa mwaka fulani.” Husema tu, “Sikuweza kuzaliwa kabla ya mwaka fulani.” Mtu akiwa na picha yenye gari la moshi la Dar es Salaam, twajua picha haikupigwa kabla ya reli kujengwa; lakini yaweza kuwa imepigwa jana. Ndivyo ilivyo kwa ushanga. Sasa tutaje alama nne za namna hiyo.

Alama ya kwanza ni rangi ya manjano au kijani yenye kung'aa kwa namna ya ajabu. Katika miaka ya 1830 ukoo wa Riedel, mafundi wa milima ya Bohemia, walianza kutia madini ya urani katika kioo, na rangi zao wakaziita kwa jina la Anna, mwanamke wa ukoo huo. Kioo hicho kikiwekwa gizani na kumulikwa kwa taa ya kukagulia noti, ile itumiwayo na wenye maduka, huwaka rangi ya kijani kibichi. Punje iwakayo hivyo si ya karne ya 18. Urani iliyomo ni kidogo, na kuvaa kidani hakuna hatari ya kumtia mtu hofu. Lakini punje isisagwe wala kupewa mtoto aitie kinywani.

Alama ya pili ni punje ifananayo na kioo lakini yenye sura ya kigae, nyeupe au ya rangi moja tu, na katikati yake imezungukwa na ukanda ulioinuka kidogo. Ncha moja ni laini, na ya pili ina vijipele kama ganda la chungwa. Mwaka 1840 Richard Prosser alipata Uingereza haki ya uvumbuzi wa kufanya vifungo kwa kugandamiza unga mkavu katika kalibu na kuuchoma. Baadaye Mfaransa Bapterosses alifanya kazi hiyo kwa mashine huko Briare, na kisha mafundi wa Bohemia nao wakaifanya. Basi punje yenye ukanda na ncha yenye vijipele haikufanywa kabla ya mwaka 1840, na nyingi ni za baada ya hapo sana.

Alama ya tatu ni wekundu. Wekundu wa zamani ulio angavu ulipatikana kwa kutia dhahabu kidogo sana katika kioo, nao huelekea rangi ya waridi iliyokoza. Tangu miaka ya 1890 mafundi walianza kutumia madini yaitwayo seleniamu, na wekundu wake ni mkali, unaelekea rangi ya chungwa. Mtu mwenye mazoea huweza kutofautisha akiziweka mbili pamoja juani, lakini asiye na mazoea na aandike tu aonalo, bila kukata shauri.

Alama ya nne ni plastiki. Bakelite ilivumbuliwa mwaka 1907, na shanga za plastiki zilienea sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Punje moja ya plastiki katikati ya utungo hutuambia ya kuwa uzi ule ulitungwa, au ulitungwa upya, katika karne ya 20 au baadaye.

Hapo twapata kanuni ambayo sisi walimu hupenda wanafunzi waishike: utungo hauwi mkubwa kwa umri kuliko punje yake iliyo changa kabisa. Na tujaribu kanuni hiyo kwa mfano wa kubuni. Tuseme kidani kina punje za samesame zenye moyo mweupe, punje sita za buluu zenye pande sita zilizochongwa, nyeupe tatu zenye ukanda, na moja angavu yenye mshono. Punje yenye mshono na zile za buluu twazidhani za Bohemia. Samesame twazidhani za Venice. Nyeupe zenye ukanda hazikutoka kabla ya mwaka 1840, nazo zaweza kuwa za Ufaransa au za Bohemia. Basi kidani hiki, jinsi kilivyo leo, hakikutungwa kabla ya mwaka 1840, ingawa punje moja moja yaweza kuwa na umri zaidi. Je, chaweza kuwa cha mwaka 1910? Naam, chaweza. Ili kusema zaidi yatupasa kumwuliza mwenyewe.

Je, uchakavu haufai kuwa dalili? Wafaa, lakini kwa hadhari. Punje iliyovaliwa miaka mingi huliwa na uzi pande za tundu, na ncha zake huwa bapa kwa kusuguana na jirani zake. Walakini mdanganyifu aweza kuzitia punje mpya katika pipa pamoja na mchanga na kulizungusha mpaka zikachakaa. Tofauti ni hii: uchakavu wa kweli hukaa mahali palipoguswa, ndani ya tundu na katika ncha, uchakavu wa pipa hukaa kila mahali sawasawa.

Mtu aweza kuuliza, “Faida ya taabu yote hii ni nini?” Faida ni tatu.

Ya kwanza ni ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kitu kilichofanywa na watu kabla ya mwaka huo huhesabiwa kuwa kitu cha kale chenye kulindwa, wala hakipelekwi nje ya nchi bila kibali. Tazameni basi jinsi umri wa punje ulivyo jambo zito. Dalili tulizotaja zaweza kuonyesha kwamba punje ni ya baada ya mpaka huo, kama ile ya seleniamu. Lakini ni shida kuhakikisha kwa macho tu kwamba ni ya kabla. Kwa hiyo mwenye shaka asiuze wala asisafirishe, ila aulize kwanza. Kadhalika mtu asichimbe shanga katika makaburi, mapango au magofu. Punje iliyochimbuliwa ovyo hupoteza habari zake zote, kwa maana tabaka la udongo ilimolala ndilo lililokuwa ushahidi wa umri wake.

Faida ya pili ni ya haki. Mwenye kidani akijua kusema, “Hizi ni za kubanwa, zimechongwa kwa mkono, na hizi tatu ni za baada ya 1840,” mnunuzi hatampa tena bei ya sukari. Lakini ajue vile vile kujizuia, maana kutoka Bohemia si kuwa ya kale, na si kila punje ya kale ni ya thamani kubwa sokoni. Ukweli humlinda mwuzaji, na humlinda mnunuzi pia.

Faida ya tatu, ambayo sisi twaiona kuwa kubwa kupita hizo, ni ya habari za watu. Wajerumani walipoleta rupia na pesa zao, na mwaka 1904 wakatoa heller, shanga ziliacha polepole kuwa fedha. Zilibaki kuwa mapambo, mahari na ukumbusho wa mzazi. Mashine iwezayo kupima madini haiwezi kupima hayo. Mwenye kuyajua ni bibi peke yake, naye hatadumu milele.

Kwa hiyo twawasihi mfanye haya. Kabla ya kukata uzi wa zamani uliooza, lazeni kidani juu ya kitambaa cheupe, mkipige picha pamoja na rula, mwandike mpango wa punje tangu ya kwanza hata ya mwisho. Uzi wa zamani usitupwe. Utieni katika bahasha, kwa maana nao una habari zake. Osheni kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Msitumie ndimu, mchanga wala dawa ya kusafishia vyombo. Kisha andikeni maneno ya mwenyewe kama alivyoyasema: jina aliloliita ushanga huo kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, nani alimpa, wakati gani ulivaliwa, na nani alikatazwa kuuvaa. Mkikaa Iringa mwaweza kupeleka maswali yenu katika makumbusho ya Boma, au kule Kalenga. Mkikaa mbali, mwalimu wa historia aliye jirani ni mwanzo mzuri.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Punje ya Bohemia haikupigwa mhuri na fundi aliyeifanya, lakini mshono wake, tundu lake na rangi yake vyasomeka kwa mtu ye yote mwenye jicho na subira. Lililobaki, yaani jina la aliyeivaa, halikuandikwa mahali po pote ila katika kumbukumbu za walio hai. Mwaulize wazee wenu sasa, mkaandike.